Siku Nne Ndani ya Maji

Nchelenge, Jumamosi alasiri

Ngosa mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kituoni, kwa mkono, kwa hiyo sitazimalizia karatasi hapa. Mambo ya blanketi, ya sufuria, na ya kushuka kwenye basi mkifika kivuko cha Chembe, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na sina la kuongeza. Umekwenda Kashikishi kuwaaga wenzako wa kwaya. Nina saa tatu hivi kabla hujarudi. Nataka kuzitumia kukuandikia nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikisubiri itulie nitaandika kama nilivyozoea kuandika, na mazoea hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Naandika Kiswahili. Kibemba chako kimezidi changu na Kiingereza chako kimenipita zamani. Lakini hii ndiyo lugha ya mama yangu kule Kilwa, siyo ile ya baharini, hii yetu ya ng'ambo ya ziwa, na katika lugha hii sijui kujificha. Kwa Kiingereza najua. Nimekula mshahara wa ujuzi huo tangu kabla hujazaliwa.

Unajua hadithi ya nguruwe wa Kashikishi jinsi kila mtu anavyoijua: kwamba ushirika wa wanawake ulipewa mradi mzuri, na kwamba Bana Chibuye, mama wa Chibuye mwenzako, aliwaua nguruwe wa wenzake kwa kuwapikia chakula katika pipa alilolitumia kulowekea buba, ile sumu ya majani ambayo wavuvi wezi huitupa majini ili samaki waelee. Ulikuwa shule ya bweni wakati huo. Uliisoma gazetini, chini ya jina langu. Ni uongo, na mimi nilijua ni uongo siku ile ile nilipouandika.

Nakuambia tangu mwanzo, kwa mpango, kama nilivyofundishwa.

Mafuta yalipopanda bei duniani kote, wakubwa wakaanza kuona mali katika takataka za shambani. Wakaja watu wakisema mabua, makapi na maganda yana sukari iliyofungiwa ndani yake, na kwamba kuna vitu vya kuifungua. Wewe unaviita vimeng'enya. Huku kwetu maganda ya muhogo ni vilima nyuma ya kila nyumba, kwa hiyo mradi mmoja ukaletwa Kashikishi. Aliyeuleta alikuwa mtaalamu Mzungu, mrefu, mpole, asiyejua neno la Kibemba wala la Kiswahili. Sokoni walimwita Bwana Kopo kwa sababu ya makopo yake ya unga wa kijivu. Unga huo ulitoka kwenye ukungu, jamaa ya ukungu unaokula turubai na kamba zilizolala na unyevu. Unachemsha maganda yalainike, unayaacha yapoe mpaka mkono uvumilie, unatia unga, unafunika, na kesho yake una uji mtamu mzito wa kulisha nguruwe. Bwana Kopo alisema uji ule ule unaweza baadaye kutoa spiriti ya kuendeshea injini. Mkubwa wake wa hapa, aliyesimamia mradi kwa niaba ya serikali, alikuwa Bwana Chisanga. Mkalimani nilikuwa mimi. Sikuajiriwa. Nilikwenda kutafuta habari, wakaona naelewana na watu wote, nikaombwa nisaidie, nami nikafurahi kuombwa.

Jaribio la kwanza lilifaulu. Nilikuwepo, na daftari langu linasema maganda yalitoka wapi: kwenye bustani za watumishi wa boma, waliopanda muhogo mtamu, ule unaoweza kuutafuna mbichi. Niliandika "muhogo mtamu" na kupiga mstari chini yake. Sijui kwa nini niliupiga. Mkono ulikuwa na akili kuliko mwenyewe.

Bana Chibuye alichovya kidole katika ule uji, akalamba, akacheka mpaka akashika nguzo. Wewe unamjua anavyocheka. Akasema, "Muzungu amevuka bahari yote kutuletea munkoyo mu kopo."

Nilimtafsiria Bwana Kopo neno kwa neno, na nikamweleza munkoyo ni nini: mzizi wa porini tunaouponda na kuutia katika uji wa mahindi uliopoa, na uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu bila mtu kutia sukari. Bwana Kopo hakucheka. Alikaa chini akauliza maswali nusu saa. Uji unapoa kiasi gani kabla ya kutia mzizi? Ukitiwa ukiwa wa moto sana inakuwaje? Bana Chibuye alimjibu kwamba mwanamke anayetia munkoyo kwenye uji unaochemka anafukuzwa jikoni, kwa sababu ameuua mzizi. Bwana Kopo aliandika jibu hilo lote. Nilimpenda siku ile. Nakuambia hivyo ili usije ukadhani hadithi hii ina Mzungu mbaya na Waafrika wema. Mtu yule aliuliza. Aliyeharibu jibu alikuwa mimi.

Wiki mbili baadaye maganda ya boma yaliisha. Yakaanza kuja maganda ya vijijini, ya muhogo mkali, ambao ndio karibu muhogo wote wa wilaya hii. Wanawake waliyaleta yakiwa yamelowekwa siku nne na kuanikwa, jinsi walivyozoea kuwalisha nguruwe wao. Bwana Kopo alipima, akaona sukari imepungua. Akasema maji yanaondoka na nguvu ya ganda, na kwamba toka sasa maganda yaletwe mabichi, yaingie pipani siku ile ile yanapomenywa. Kwake lilikuwa jambo la hesabu. Kopo lile lilijazwa katika nchi isiyolima muhogo.

Bana Chibuye alikuwa amesimama na beseni la maganda mabichi kichwani. Hakulitua. Akaniambia mimi, akiniita kwa jina lako, wala hakumtazama yeye:

"Bashi Ngosa, ambia huyu muzungu: muhogo ya bukali haipitake pa moto mbele ya mayi. Siku ine mu mayi, kiisha moto. Kama anapika paka vile, banguruwe batakufa."

Bwana Kopo akaniuliza mama anasema nini.

Nikamjibu kwa Kiingereza, "Anasema wamezoea njia yao ya maji."

Basi. Hivyo tu. Soma tena alichosema, kwamba maji yatangulie moto la sivyo nguruwe watakufa, halafu soma nilichosema. Nimekirudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali pa kujitetea. Hakuna mtu aliyenitisha. Sikukosa maneno. Jua lilikuwa kali, Bwana Chisanga alikuwa anatazama saa, na mimi nina tabia ya kazi: mtu akisema maneno ishirini naweka matano. Mhariri wangu wa kwanza alinifundisha kwamba mwandishi ni mtu anayejua cha kukata. Utani wa Bana Chibuye niliutafsiri wote, kwa sababu ulipendeza. Onyo lake nililikata, kwa sababu niliona ni maneno ya jikoni.

Na kinachonikera zaidi, Ngosa, ni kwamba nilijua. Sisemi nilijua kama wewe unavyojua sasa, kwa majina ya vitabuni. Nilijua kwa tumbo. Nilipokuwa mdogo Kilwa niliiba kipande cha muhogo mkali kwenye kapu la mama kabla haujaenda majini, nikautafuna nyuma ya nyumba. Mama alinikuta natetemeka. Alinitia vidole kooni mpaka nikatoa vyote, kisha akanichapa, kisha akalia. Tangu siku ile nimekula bukari, ugali wa muhogo uliolowekwa siku nne, kila siku ya maisha yangu, mpaka hii leo mchana. Mtu wa namna hiyo alisimama mbele ya pipa akasema "wamezoea njia yao ya maji", kana kwamba yeye alizaliwa mahali pengine.

Walichemsha. Uji ulitoka mtamu kuliko ule wa kwanza. Nguruwe wa ushirika walikuwa kumi na mmoja. Walikula asubuhi kwa furaha, na kabla ya jua kufika kichwani walikuwa wanahema kwa vinywa wazi, wanaanguka, wanapiga miguu. Kufika mchana alibaki mmoja, jike aliyefukuzwa na wenzake kwenye chombo. Wanawake walikaa chini mmoja mmoja, kila mtu karibu na mnyama wake. Bwana Kopo alipiga magoti matopeni akimpapasa nguruwe shingo, akiuliza, akiuliza, na hakukuwa na mtu wa kumtafsiria kwa sababu mkalimani alikuwa ameondoka kwenda kuandika habari.

Bwana Kopo aliugua malaria wiki ile akasafirishwa, na hakurudi. Ripoti ikaandikwa na Bwana Chisanga. Alinipokea ofisini kwake boma, akanipa nakala, akanionyesha kwa kidole sentensi ya kutumia: kwamba, kwa kadiri ilivyobainika, pipa lililotumika lilikuwa la mwenyekiti wa ushirika na lilikuwa limewahi kulowekewa buba.

Mwenyekiti alikuwa Bana Chibuye. Pipa halikuwa lake. Lilikuja kwenye lori la mradi, likiwa na rangi mpya, na mimi ndiye niliyesaidia kulishusha. Daftari langu lina siku, lina jina la dereva, lina rangi ya pipa. Nililiandika kwa sababu naandika kila kitu. Nilikuwa nalo mfukoni pale pale ofisini.

Sikulitoa. Sasa nakuambia kwa nini, na hapa ndipo unapoingia.

Katika mfuko wa pili nilikuwa na karatasi nyingine, fomu yako. Ilitaka barua ya ofisa wa serikali anayejua masomo ya sayansi, wa kukupendekeza mapema kwa nafasi za maabara baada ya shule. Katika wilaya hii alikuwepo ofisa mmoja wa namna hiyo. Nilikuwa nimepanga kumwomba siku ile kabla nguruwe hawajafa. Walikufa, nami sikubadilisha mpango. Nilisoma sentensi yake, nikaikunja ripoti, nikatoa fomu yako.

Aliijaza pale pale. Aliandika vizuri, kurasa mbili. Hatukusema neno la biashara. Hakuniambia "andika hivi nami nitafanya hivi." Wanaume wawili wenye elimu hawahitaji kuambiana. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikaandika habari ya pipa la buba, nikaanza na maneno "kwa mujibu wa ripoti rasmi". Ukiwa mwandishi, "kwa mujibu wa" ni mlango wa nyuma. Unasema uongo na unatoka nje ukiwa msafi.

Unajua maana ya buba katika pwani hii. Mvuvi anayetumia buba anaua na vifaranga vya samaki, anaua kesho ya wenzake. Na anayenunua samaki wake anaogopa tumbo lake. Wafanyabiashara wa ng'ambo waliokuwa wakichukua chisense wa Bana Chibuye kwa magunia, hao samaki wadogo wa kukausha ambao yeye alijua kuwaanika kuliko mtu yeyote, walianza kupita kibanda chake bila kusimama. Hawakumtukana. Walimsalimu vizuri, "Jambo mama," wakaenda kibanda cha pili. Hiyo ni miaka miwili sasa. Alihamisha meza yake mpaka mwisho wa soko, karibu na maji, kwa sababu pale wananunua watu wasiosikia habari. Wewe ulidhani amehamia pale kwa ajili ya upepo. Uliniambia hivyo likizo ya Krismasi, nami nikakubali kwa kichwa.

Ilikuwa likizo hiyo hiyo. Tulikuwa mezani, mama yako amekuuliza kwa utani hivyo vimeng'enya vinaliwa na mboga gani. Ukachukua kipande cha muhogo mbichi ukamweleza. Nakumbuka ulivyoeleza kwa sababu niliyaandika usiku wake. Ulisema muhogo mkali hubeba sumu yake ikiwa imefungwa, na hubeba vilevile, katika chumba kingine, kimeng'enya cha kuifungua. Ukiuponda na kuulowesha, vyumba vinabomoka, kimeng'enya kinaikuta sumu, kinaivunja, na maji na hewa vinaiondoa. Inachukua siku kadhaa. Lakini ukiuchemsha mbichi, ukasema, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabaki imefungwa salama ndani ya chakula, mpaka ifike tumboni na kufunguliwa huko. Ukacheka ukasema, "Baba, bibi zetu walikuwa na maabara, ila hawakuandika ubaoni."

Niliondoka mezani. Mlidhani tumbo linaniuma.

Nilijua nguruwe hawakufa kwa buba. Lakini mpaka usiku ule nilikuwa nimejiachia nafasi ndogo ya kudhani kwamba hakuna anayejua hasa walikufa kwa nini. Ulinifungia nafasi hiyo ukiwa na kipande cha muhogo mkononi, na ulifanya hivyo kwa elimu ile ile niliyokuwa nimeinunulia nafasi kwa jina la mwanamke mwingine.

Hata hapo sikufanya kitu kwa miezi. Nataka uandike hilo pia katika hesabu yangu. Nilingoja matokeo yako yatoke. Yalitoka, ulifaulu kuliko wavulana wote wa mkoa huu. Nikangoja barua ya nafasi. Ikaja. Nikajiambia ningoje upande basi. Mtu mwoga ana kalenda ndefu.

Jumatano iliyopita nilikwenda kwenye meza ya mwisho sokoni. Bana Chibuye alikuwa anageuza samaki juu ya mkeka. Nilimweleza yote, tangu maneno matano niliyoyasema badala ya yake mpaka fomu. Hakuacha kugeuza samaki. Nilipomaliza akauliza kama mama yako anajua. Nikasema hajui. Akasema huyo ndiye anayemhurumia.

Nikamwambia nitamwandikia barua ya kuomba radhi.

"Mi sisomake," akasema. "Na ile kalamu yako, Bashi Ngosa, inafikaka kiisha samaki kuoza. Hapana kuniandikia miye. Batu ba ng'ambo njo balikataa samaki yangu, na habasomake Kingereza. Kuya hapa siku ya soko, simama, sema na kinywa. Kiswahili. Bote basikie."

Nikamuuliza kuhusu wewe. Ndiyo, nilithubutu. Nilimwambia kwamba Bwana Chisanga sasa ni naibu mkuu wa maabara ile ile unayokwenda, na kwamba nikisema haya hadharani huenda nafasi yako ikapotea. Alinitazama kwa mara ya kwanza. Akasema kwamba Chibuye wake naye alikuwa na nafasi shuleni, na alitoka mwaka juzi mama yake alipokosa wanunuzi, na sasa anashona nyavu Mununga. Kisha akarudi kwa samaki wake.

Chibuye alikuwa darasa moja nawe. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini hakurudi shule. Nilikuambia sijui.

Leo asubuhi, mlipokuwa mnafunga mizigo, nilikwenda sokoni. Mitumbwi ya ng'ambo ilikuwa imeshafika. Nilisimama juu ya kreti nikasema. Nilisema pipa lilikuwa la nani. Nilisema nani alionya na kwa maneno gani, na niliyasema kama alivyoyasema yeye, yote. Nilisema nani aliyakata. Fomu yako pia niliitaja, kwa kuwa mtu anayekiri nusu ni mwandishi yule yule. Sikutumia "kwa mujibu wa".

Papa Ilunga, yule mfanyabiashara mnene wa Pweto aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa Bana Chibuye zamani, alivua kofia akaipangusa, akaniuliza polepole, akianza kwa Kifaransa chao:

"Donc, Papa, shiye tulikataa samaki ya huyu mama myaka mbili juu ya kinywa yako?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa unapita hapa kila siku, unatusalimia?"

Nikasema ndiyo, kila siku.

Alitema mate chini, kando ya kreti, akiangalia asinipige. Kisha akaenda mpaka meza ya mwisho, na wengine wawili wakamfuata. Bana Chibuye hakumkaribisha kwa maneno mazuri. Nilimsikia akimuuliza kama bado ana macho ya kuona samaki mzuri, au naye hununua kwa kusikia. Papa Ilunga akakubali kutukanwa, akainama kuchagua. Hakuna aliyenitazama tena, na hilo ndilo lililokuwa sawa.

Nilipotoka sokoni nilipita posta. Nimetuma habari ile ile kwa mhariri, kwa Kiingereza, pamoja na kurasa za daftari. Huenda asiichape. Nakala ya pili nimeituma kwa mkuu wa maabara, na ya tatu kwa Bwana Chisanga mwenyewe, asije akasema alisikia kwa watu. Zitasafiri na basi lako. Zitakuwa katika mfuko wa posta juu ya paa, karibu na sanduku lako.

Sikukuuliza kwanza, na huenda umeshayasikia huko Kashikishi kabla ya kunisoma. Ningekuuliza, ungekuwa mwamuzi wa jambo ambalo si kosa lako, na kama ungesema "Baba, ngoja", ningengoja kwa furaha na kukulaumu wewe maisha yako yote. Una haki ya kunikasirikia. Kasirika. Ila usipoteze hasira yako kwa kulia. Mimi nimeipoteza yangu miaka miwili kwa kuandika vizuri.

Mama yako nimemwambia leo mchana, kabla ya kukaa kuandika. Anakupikia kuku, anamkaanga kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika.

Nitasema machache kuhusu kazi unayokwenda kufanya, kwa sababu sijui vimeng'enya lakini naijua kazi ya kusimama kati ya anayejua na anayeuliza. Utakaa hapo maisha yako yote. Utapewa kopo lenye maandishi, na nje ya dirisha atakuwepo mtu mwenye beseni kichwani. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, kila mmoja kweli ya alichokishika. Bwana Kopo alikuwa sahihi kuhusu sukari. Maji yanaiondoa kweli. Bana Chibuye naye alikuwa sahihi kuhusu kifo. Kama maneno yote mawili yangefika, wangeketi wakatafuta njia, labda wangeloweka kidogo zaidi na kupoteza sukari kidogo, labda wangeona kwamba ule unga na yale maji vinaweza kufuatana. Siku moja kazi hiyo itafanywa. Natamani uifanye wewe. Haikukosa elimu. Ilikosa mtu wa kusema sentensi moja mpaka mwisho.

Sasa kuhusu Jumatatu. Utafika, na barua zitakuwa zimefika. Huenda wakakurudisha. Wakikurudisha, chumba chako kipo na sitakuambia neno la faraja, maana halitakusaidia. Lakini barua ya Bwana Chisanga ilikufungulia mlango tu. Mitihani uliifanya wewe, na alama ni zako, zimepigwa mhuri, hakuna mtu aliyeziuza. Usiondoke kwa aibu kabla hujafukuzwa kwa maandishi. Dai maandishi.

Bwana Chisanga atakuita ofisini kwake. Ni mtu wa sauti ya chini, atakupa kiti. Akikuuliza kama wewe ni mtoto wangu, mwambie ndiyo. Akikuuliza kama niliyoyaandika ni kweli, usinitetee na usinikane, hukuwepo. Mwambie mko ndani ya maabara, jibu lipimwe. Mwombe maganda ya muhogo mkali, mabichi, yagawanywe mafungu mawili. La kwanza lichemshwe siku hiyo hiyo. La pili likae majini siku nne. Kisha mpime sumu, yeye akiwa amesimama pale, na uandike kila kitu, pamoja na jina la mwanamke aliyesema itakavyokuwa.

Baba yako